Si Wewe Uliyekula Macho ya Baba

Shangazi yangu, dada wa baba yangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye cherehani yangu, na gauni la mteja limelala pembeni tangu asubuhi bila kuguswa. Miezi miwili imepita tangu nitoke hospitali ya macho Lilongwe, na mwili wangu bado haujakubali niliyoyasikia kule. Mtu akiniita kwa nyuma nashtuka. Nikimimina chai, inamwagika mezani nikiitazama. Najua barua hii haitakufikia ulipo. Naiandika wazi ili isomwe na kila mtu hapa kambini Dzaleka aliyewahi kusikia habari zako, maana waliozisikia ni wengi, na wengi wao walizisikia kwangu.

Nianze na lile linalonitetemesha. Mimi naugua macho, Shangazi. Ni ugonjwa ule ule uliompata baba. Daktari anauita glakoma, wengine hapa wanauita presha ya macho. Jicho langu la kushoto limeshakufa karibu lote, limebaki na upenyo mdogo katikati. La kulia limeanza kuliwa pembeni. Na mimi sikujua kitu. Natunga uzi kwenye sindano bila miwani, nasoma Biblia yenye herufi ndogo, nakata shingo ya gauni bila kupotea. Ningekuambia kwa kiapo kwamba naona vizuri kuliko wanawake wote wa kibaraza chetu.

Unanikumbuka nikiwa na miaka sita, mama amekufa kule Uvira, Kongo, akijifungua, na mtoto naye akafa. Ulikuja na mfuko mmoja ukasema utakaa wiki mbili. Hukuondoka tena. Vita vilipotufukuza ulinifunga mgongoni ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea, na hapa Malawi, kwenye kambi hii ya wakimbizi ya Dzaleka, ndipo uliponishusha. Tulipewa nyumba ile ya matofali ya udongo, vyumba viwili, na baba akaweka cherehani yake barazani, karibu na njia ya soko. Wewe ukauza ndagala wakavu, dagaa wa kwetu, kwenye beseni la bluu.

Nakumbuka ulivyokataa kujifunza Chichewa. Neno lako lilikuwa moja tu, zikomo, ambalo kwa wenyeji ni asante, na wewe ulilitumia kwa kila jambo: kusalimia, kukataa bei, hata kumfukuza mbuzi wa jirani. Baba alicheka mpaka akaacha kushona. Jioni ulinikalisha katikati ya magoti yako ukanisuka, na nikilalamika kwamba unanivuta, ulisema kichwa kisichovutwa hakifundishiki. Nilikulalia mapajani nikasinzia na harufu ya ndagala. Mama yangu simkumbuki sura. Nikijaribu kumkumbuka, unakuja wewe.

Halafu yakaanza mambo ya baba. Tuliyaona kwanza kama mzaha. Alipiga ndoo ya maji teke, ndoo iliyokaa mahali pale pale kila siku. Bega lake la kushoto liligonga mwimo wa mlango mpaka rangi ikatoka. Kikombe ukikiweka kushoto kwake, alikiangusha akinyoosha mkono kuchukua mkasi. Watu wakamsalimia kwa pembeni akapita bila kuitika, wakasema fundi ana kiburi siku hizi. Na bado alitunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza tu, hata kivulini. Nani angefikiri mtu wa namna hiyo anapofuka?

Wewe ulifikiri. Kabla yake yeye mwenyewe, wewe ulijua. Siku moja ulinyanyua mbaula, lile jiko letu la mkaa, ukalihamisha kutoka upande wake wa kushoto ukaliweka mbele yake kabisa, ukaniambia, "Weka vitu vyote hapa. Hapa njo anaona." Nilikuuliza umejuaje, ukaniambia nikateke maji.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi ulimchemshia maji kidogo, ukayaacha yapoe mpaka yawe ya vuguvugu, ukamwosha macho kwa kitambaa cheupe. Alitulia mikononi mwako kama mtoto. Kisha ulibeba bakuli, ukatoka nje mpaka pale njia ya bomba inapokutana na njia ya kanisa, ukayamwaga pale, midomo yako ikisemasema. Nilikuona mara nyingi. Sikuwahi kukuuliza unasema nini.

Macho yakazidi kufungwa. Ikafika siku alikata kitambaa cha bibi harusi pamoja na kidole chake. Siku hiyo alifunika cherehani kwa gunia, na hakuifunua tena. Watu wakaja kutuonea huruma, na huruma ikageuka maswali. Mama mmoja wa chumba cha maombi, yule aliyekuwa akiota ndoto za watu, alikaa sebuleni kwetu akafumba macho muda mrefu, kisha akasema, "Mukono unaosha macho, njo mukono unakula macho."

Baba mdogo Yakobo, kitinda mimba wa tumbo lenu, aliita wazee wa ukoo. Ulikuwa umeketi kwenye kigoda chako karibu na mlango, mikono mapajani, bado ina magamba ya ndagala. Walikuuliza ulijuaje kwamba kaka yako haoni pembeni, wakati hata yeye alikuwa hajajua. Ukasema umewahi kuona mtu wa hivyo. Wakakuuliza nani. Ulifungua mdomo ujibu, wakawa wote wanasema kwa pamoja, na jibu lako likapotea humo. Kisha baba mdogo akanigeukia mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita.

"Sema kweli, mutoto. Uliona nini?"

Ningeweza kusema sikuona kitu. Ningeweza kusema ulinilea. Nilimtazama yule mama wa maombi, nikatazama macho ya baba yaliyokuwa yakitafuta sauti yangu upande ambao sikuwepo, nikaogopa. Nikasema, "Nilimuona anamwanga maji kwenye njiapanda. Na alikuwa anasema maneno."

Wewe ulinitazama bila hasira, ukawaambia, "Mutoto hakudanganya. Nilimwanga maji, na nilikuwa nasema. Nilikuwa naombea kaka yangu." Walisikia mpaka pale ulipokiri kwamba ulisema. Yaliyofuata hakuna aliyeyasikia, hata mimi. Nimeyasikia mwaka huu, Shangazi. Yamechukua miaka yote hii kufika masikioni mwangu.

Baba peke yake ndiye aliyepinga. Alisimama akishika ukuta akasema, "Dada yangu hajanifanya kitu. Mukimfukuza, munanifukuza na mi." Wakamketisha kwa upole, wakasema aliyelogwa siku zote humtetea mlozi wake. Kwa hiyo hata upendo wake uliwekwa kwenye ushahidi dhidi yako.

Ulifunga nguo zako kwenye kitenge kimoja. Beseni la bluu uliliacha. Mlangoni ulinyoosha mkono unishike kichwa, na mimi nikakirudisha kichwa nyuma. Mkono wako ukabaki hewani kidogo, kisha ukaushusha. Nataka watu wote wajue jambo hili pia: ulipopotea kwenye kona ya bomba, nilisikia nafuu. Usiku ule nililala vizuri.

Baba aliishi gizani miaka minne. Nilipompelekea chakula, kabla hajala aligusa vidole vyangu akauliza ni mkono wa nani. Nilidhani ni mazoea ya vipofu; sasa najua alikuwa akiutafuta wako. Alipofariki kwa homa ulipata habari, sijui kwa nani, ukaja. Vijana wa ukoo walikuzuia usifike matangani, nawe ukasimama ng'ambo ya barabara tangu asubuhi mpaka tulipotoka makaburini. Nilikuona. Nilipitisha macho juu yako kama mtu anayetazama nguzo.

Mara ya mwisho kusikia habari zako, mimi nilikuwa nimeshaolewa na nina mimba ya Sifa, binti yangu wa kwanza. Mzee Ramazani, yule mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kindu anayekwenda na kurudi Lilongwe, alisimama kibarazani kwangu akanipa kitenge cha njano kilichokunjwa vizuri. Akasema amekutana na wewe Kauma, mtaa wa Lilongwe, kwamba umekonda, na kwamba umemtuma alete neno, ukamrudilia mara tatu ili asilisahau. Akalisema kama ulivyomfundisha:

"Macho ya baba yako iliisha. Ya kwako, uiangalie."

Nilimuuliza kama umesema kingine, akasema ulitaka kusema mengi lakini gari lilikuwa linaondoka. Sikulala. Asubuhi nilikwenda chumba cha maombi na mimba yangu, nikafunga siku tatu, na kitenge chako tukakichoma nyuma ya kanisa huku akina mama wanaimba. Kwa miaka yote iliyofuata nilisimulia kisa hicho. Nilikisimulia bombani, nikakisimulia kwenye semina za akina mama, nikakisimulia kwa Sifa alipokuwa mdogo ili asipokee kitu kutoka kwa mtu asiyemjua. Mlozi aliyekula macho ya kaka yake, akatuma neno kwamba anakuja kula na yangu. Hivyo ndivyo nilivyokutangaza.

Sasa nikuambie jinsi ukweli ulivyonikuta.

Mwaka huu, kabla ya mvua kwisha, nilikuwa navuka njia ya soko nikagongwa na kabaza, baiskeli inayobeba abiria. Nilianguka na vitambaa vyangu kwenye tope. Nilimtukana yule kijana wa baiskeli mpaka sauti ikakauka, kwamba ametokea wapi, kwamba amekuja kama mwizi. Naye akaniambia alipiga kengele kutoka mbali, na kwamba nilikuwa nimemgeuzia uso kabisa, akadhani nimemwona. Watu waliokuwepo wakasema ni kweli. Nilikasirika nao wote. Ilikuwa upande wa kushoto.

Goti lilivimba, nikaenda zahanati ya kambi. Bahati siku hiyo walikuwepo wapimaji wa macho, na nesi aliyenifunga goti akasema nipite kwao kwa sababu haelewi mtu anavyoshindwa kuona baiskeli mchana. Nilipita kwa kumridhisha tu. Kijana mmoja akanimulika, akaita mwenzake, naye akamulika, wakaandika karatasi ya kunipeleka Lilongwe wiki ile ile.

Kule walinitia dawa ya ganzi wakagusisha kitu chenye mwanga wa bluu kwenye mboni. Kisha nesi akanikalisha mbele ya chombo kama beseni jeupe lililosimamishwa. Kidevu nikakiweka kwenye kishikizo, jicho la kulia likafunikwa, nikapewa kitufe mkononi. Nitazame nukta ya katikati, na kila nikiona kimwanga kidogo popote, nibonyeze. Nukta niliiona vizuri sana. Nikasubiri vimwanga. Nilisikia mashine ikinguruma kwa ndani, lakini mbele yangu palikuwa peupe, patulivu. Shingo ikaanza kuuma. Nikafikiri umeme una tatizo, nikamuuliza nesi kwa Chichewa, kwa adabu, mashine itaanza lini.

Alitazama kwanza mashine. Kisha akasema taratibu, "Mama, ilishaanza. Inakaribia kumaliza."

Shangazi, sijawahi kusikia maneno yaliyonipiga hivyo. Vimwanga vilikuwa vinawaka na kuzimika muda wote ule, juu, chini, kushoto, kulia, mbele ya jicho langu lililo wazi, na mimi nimekaa nasubiri. Walinionyesha karatasi iliyotoka. Ilikuwa nyeusi yote, na katikati doa jeupe lisilozidi kifungo cha shati. Nikasema hiyo si yangu, wamechanganya na ya mtu mwingine. Wakanionyesha jina.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, Mmalawi, mwenye sauti ya chini. Alinieleza bila haraka. Alisema ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka kila siku, na yasipotoka vizuri yanajaa na kukandamiza. Nyuma kabisa ya jicho kuna mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa huo unalishwa na vijishipa vya damu vyembamba kuliko unywele. Kukiwa na mkandamizo, damu inashindwa kupita kama inavyotakiwa. Kuna watu hata mkandamizo wao si mkubwa, ila damu yenyewe inafika kwa udhaifu. Kwa vyovyote mshipa unakufa kwa njaa, uzi mmoja mmoja, kuanzia pembeni. Hauumi. Na ubongo unajaza mapengo kwa kubuni, ndiyo maana mwenyewe hajui mpaka agonge kitu.

Akaniuliza kama kuna mtu kwetu aliyepofuka. Nikasema baba. Akauliza ilikuwaje, na mimi, mama wa watoto wanne, msomaji wa Neno kanisani, nikajikuta nataka kumwambia kwamba wewe ulimla macho. Neno lilifika kwenye meno. Nikalimeza, na badala yake nikamuuliza:

"Dokta, mtu akimwosha mwenzake macho kwa maji ya vuguvugu kila asubuhi, anaweza kumletea ugonjwa huu?"

Akasema hapana.

"Na akiyamwaga yale maji njiapanda, huku anasema maneno?"

Hakucheka. Aliweka kalamu chini akanitazama, nadhani alishasikia maswali ya namna hiyo. Akasema, "Maji ya kuoshea uso yanaishia usoni. Ugonjwa huu uko nyuma ya jicho, ambako mkono wa mtu haufiki. Unakwenda na damu ya ukoo. Baba yako alizaliwa na hatari hiyo, na wewe pia."

Nilitoka nikakaa kwenye benchi ya nje. Sifa, ambaye sasa ana miaka kumi na saba na ndiye aliyenisindikiza, aliniuliza kama ni macho ndiyo yananiliza. Nikamwambia hapana. Nilikuwa nimekaa pale nakuona kwenye kigoda chako, mikono ina magamba, unasema, nilikuwa naombea kaka yangu.

Nilipewa tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili, na siku hiyo tulipomaliza hospitali nikamwambia Sifa twende Kauma. Mzee Ramazani alikuwa amenielekeza, maana yeye alikuwa akikusalimia kila alipopita mpaka ulipofariki, hata baada ya mimi kumkataza asiniletee habari zako. Tulimkuta Mayi Phiri, mwenye nyumba wako, anaanika mahindi. Nilipomwambia mimi ni mtoto wa kaka yako, aliacha kuanika. Aliniuliza jina langu, nikalitaja. Akakaa chini.

Akatueleza kwamba ulikuwa ukifanya ganyu, kazi za kutwa, kufua nguo kwenye nyumba za Area 47. Kwamba ulikuwa mfuaji hodari, mpaka mama mmoja aliyekuajiri akaanza kuona unaacha madoa kwenye pindo za mashuka na unagonga milango. Mama huyo hakukufukuza. Alikupeleka kupimwa macho. Ulikutwa na ugonjwa huu huu, Shangazi, umeshafika mbali, na dawa zikapunguza mwendo wake tu.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Wewe ambaye tulisema umekula macho ya mwenzako, ulikuwa unapofuka kwenye chumba kimoja cha kupanga, miaka yote ile ambayo mimi nilikuwa nakusimulia bombani.

Mayi Phiri akasema siku uliyotoka kupimwa hukulia kwa ajili yako. Ulikuja unasema walikuambia uwatafute wote wa damu yako wapimwe mapema, kabla hawajaona dalili. Ulisema baba yako kule Fizi alipofuka hivyo hivyo, na wewe ukiwa msichana mdogo ndiye uliyemshika fimbo kumwongoza shambani, wakati kaka yako yuko Uvira anajifunza kushona na Yakobo bado ananyonya. Ndipo nikaelewa ni nani yule uliyetaka kumtaja siku ya wazee. Ukasema kuna msichana wa kaka yako kambini na lazima apate habari. Ukanunua kitenge ili mtume asiende mikono mitupu, ukamfundisha mzee Ramazani neno fupi ili asilisahau. Na miezi mingi baada ya hapo, akasema Mayi Phiri, kila gari likisimama ulimuuliza, "Wamekuja kuniambia kama alikwenda kupimwa?"

Nilikuwa na miaka ishirini na nne ulipotuma neno lile. Daktari aliniambia kwamba ningekuja nikiwa na umri huo, angeweza kunitunzia macho yote mawili. Ulinitumia macho yangu, Shangazi, na mimi nikayachoma nyuma ya kanisa kwa nyimbo.

Ulikufa kwa kifua, akasema, ukiwa huoni tena kitu. Walikuzika wao, majirani wa Kauma, watu ambao, ulipokuwa kwetu, ulijua neno moja tu la lugha yao. Alitupeleka kaburini. Nilipiga magoti pale. Sifa ndiye aliyeanza kung'oa majani.

Niliporudi kambini nilikwenda kwa baba mdogo Yakobo siku ile ile. Ni mzee sasa, anatembea na fimbo, wajukuu wanamcheka kwamba anasalimia nguo zilizoanikwa. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nataka kufufua maneno yaliyozikwa, na kwamba wazungu wana ugonjwa wao na sisi tuna wa kwetu. Akaniambia nitoke. Sikubishana. Nilimwomba jambo moja tu, aje apimwe. Jumapili iliyofuata niliomba nafasi kanisani, nikasimama pale mbele ninaposomea Neno, nikasema kwamba nilitoa ushahidi dhidi ya mtu asiye na hatia, nikataja jina lako lote. Hakuna aliyesema amina. Yule mama wa maombi alikuwa ameshahamishiwa nchi nyingine, lakini wale walioimba siku ya moto walikuwepo, wakatazama sakafu. Baba mdogo alitoka nje katikati ya maneno yangu, akigonga benchi upande wa kulia.

Baada ya siku nane alikuja kibarazani kwangu akiwa amevaa koti lake la harusini. Akaniuliza gari la Lilongwe linaondoka saa ngapi.

Nilikaa naye kwenye foleni. Nikiwa mlangoni nilimsikia nesi akimweleza atazame nukta na abonyeze kitufe, na baada ya kitambo nilimsikia baba mdogo akiuliza mbona hawaanzi. Nikaziba uso kwa mikono. Daktari alimweleza kama alivyonieleza mimi, mimi nikitafsiri, habari za maji na za damu isiyofika. Baba mdogo aliuliza swali moja tu, kama mtu anaweza kuwa na ugonjwa huo bila mtu mwingine kumtakia mabaya. Daktari akasema ndiyo, ndivyo ulivyo kwa wote.

Tulipotoka alikaa kwenye benchi ile ile. Alisema, kama anayejisemea, kwamba baba yenu pia alikuwa kipofu, na kwamba siku zote waliambiwa ni uzee, kumbe sasa akihesabu mzee alikuwa hata hajafika umri wake yeye. Kisha akasema, "Tulifukuza mugonjwa."

Nilimshika mkono, tukaenda kutafuta gari.

Watoto wangu wote wanne wamepimwa. Sifa na wadogo zake wako wazima, na watarudi kila mwaka, nimeandika kwenye ukuta. Mimi natia matone kila jioni, nafumba macho, nabana pembe ya jicho kwa kidole kama nilivyofundishwa, ili dawa isikimbilie puani. Kilichokwisha kufa hakirudi. Daktari anasema tunalinda kilichobaki.

Lala, Shangazi. Sikuombi unisamehe kwa barua, maana ubaya wangu nilikufanyia kwa mdomo, na kwa mdomo nitaendelea kuusahihisha, bombani, sokoni, na kila mahali nilipoupeleka. Jana baba mdogo alikuja kuniuliza kama nimeshamaliza kuandika. Nilimwambia bado kutia jina. Akakaa karibu nami, akaomba kalamu, kisha akairudisha kwa sababu hakuuona mstari. Akasema nimwandikie mimi.

Mtoto wa kaka yako, uliyemlea,

na Yakobo, mdogo wako.